Mzazi akiwa Kasapa: kwa mwalimu anayeanza kazi Lubumbashi

Mzazi wa mwanafunzi akiwa Kasapa, gereza la Lubumbashi, hutaliona hilo kwenye fishi ya kuandikisha. Jina la baba lipo, na kwenye kazi wameandika «dereva», kama mwaka jana. Utakachoona ni mtoto anayekosa siku ileile ya juma, au anayeingia saa nne akiwa na mfuko wenye bakuli tupu lililonuka bukari (ugali) na samaki. Chakula cha gereza hakitoshi, kwa hiyo familia ndiyo inayomlisha mtu wao. Kutoka mitaa ya Katuba au Kenya mpaka Kasapa ni kuvuka mji, na mama akiwa sokoni, anayetumwa ni mtoto mkubwa.

Basi anza na daftari la mahudhurio. Chukua majuma manne, zungushia siku alizokosa. Siku ikijirudia, mwite mlezi, usimwite mtoto mbele ya wenzake. Muulize mlezi chakula kinapelekwa siku gani, na kama kuna mjomba au dada anayeweza kubadilishana naye. Kama hakuna, hamisha majaribio yako. Mtoto anayekosa kila alhamisi, na jaribio la hesabu likawa alhamisi, anakusanya sifuri mpaka mwisho wa kipindi, halafu watu wanasema ana kichwa kizito. Lihamishe kwa darasa zima, si kwake peke yake, na hakuna atakayejua sababu.

Kosa la mzazi usiliulize. Wengi walioko ndani hawajahukumiwa bado, na katiba ya 2006, ibara ya 17, inamhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Hata akiwa amehukumiwa, kulijua kosa hakutakusaidia kufundisha kugawanya. Jua haya tu: nani anamlea sasa, nani atasaini buletini (ripoti ya alama), je, mtoto aliona mzazi akikamatwa, na ameambiwa nini.

Hilo la mwisho ndilo linalowashinda walimu wapya. Mara nyingi mtoto ameambiwa baba yuko Kolwezi, anatafuta kazi mgodini. Kisha anasikia ukweli kwenye bomba la maji, kwa mdomo wa mtoto wa jirani. Akija kwako na kuuliza, «Mwalimu, ni kweli baba yuko buloko?», yaani gerezani, usikane, wala usiwe wewe wa kumfungulia siri hiyo. Mjibu: «Hilo ni swali la mama. Unataka nimwambie kwamba umeuliza?» Akikubali, mwone mama siku hiyohiyo, kabla uongo haujaongezwa juu ya uongo. Mama naye hahitaji hotuba. Amwambie mtoto baba yuko wapi, kwamba ni mzima, kwamba wataenda kumwona siku fulani, na kwamba si yeye aliyesababisha. Usiruke hilo la mwisho, maana watoto wa miaka sita au saba huamini kwamba baba amechukuliwa kwa sababu wao walifanya utundu jana yake.

Wanaojua shuleni wawe wewe na direkta (mkuu wa shule), basi. Usiandike kitu kwenye daftari linalozunguka meza za walimu. Na huruma yako isionekane: ukimpa kalamu mbele ya darasa, au ukipitisha mchango wa sare huku ukitaja jina, umemtangaza. Kalamu itolewe kwenye akiba ya darasa, kama anavyopewa yeyote aliyesahau yake.

Kuna neno walimu wengi hulitupa bila kufikiri: «Nitaita polisi!» Liache kabisa. Mtoto aliyeona mlango ukivunjwa usiku halisikii kama mzaha. Atajikojolea, au atatoroka, na wewe utabaki unashangaa.

Wakimwita «mtoto wa mwizi», simamisha mara moja kwa sauti ya kawaida, mrudishe kila mmoja kwenye kazi, kisha mshughulikie aliyetukana peke yake baada ya masomo. Mahubiri ya nusu saa yanafanya darasa zima ligeuke kumtazama.

Shule za msingi za serikali hazilipishi minervali (ada ya shule) tangu 2019, lakini sekondari wanalipa, na mlipaji ndiye aliyefungwa. Mwombe direkta akubali malipo ya vipande, kwa karatasi na tarehe. Majina ya wenye madeni yasisomwe kwa sauti.

Kazi moja haigharimu zaidi ya fotokopi: buletini. Toa nakala, umpe mlezi aipeleke siku ya kutembelea. Ongeza mistari miwili ya mkono wako, kwa mfano, «Amejua kuzidisha mpaka 9. Kusoma kwa sauti bado.» Usiguse kesi hata kidogo, karatasi itafunguliwa mlangoni. Mzazi mara nyingi huirudisha ikiwa na saini, imekunjwa mara nne. Iweke kwenye faili pamoja na zile za wazazi wengine.