Muulize Fundi: Gunia la nguo na suti ya marehemu

SWALI
Shikamoo mama Fundi. Nina miaka 25, ni mtu wa Mbale, nimepata kazi ya ofisi Kampala na nimepanga chumba Kireka. Mwenzangu kazini amenieleza jinsi nguo zinavyoharibu mazingira mpaka nikaona aibu, maana mashati yangu karibu yote ni ya poliesta. Ananiambia niyatupe nianze upya na pamba tupu, tena ya Uganda. Nina shilingi 150,000 tu. Niende soko la mitumba la Owino au dukani? Ndani nina gunia la nguo za chuo, nyingine kola zimelika, pamoja na suti ya marehemu baba aliyoshonewa Mbale mwaka 1996. Sijawahi kuivaa.
Kijana wa Kireka

JIBU
Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako ana nia njema ila dawa yake ni mbaya kuliko ugonjwa. Poliesta inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, ni ndugu wa chupa ya soda. Ukiitupa haiozi, ukiichoma nyuma ya nyumba majirani wanavuta moshi wa plastiki. Halafu unatupa wapi? Uko Kampala, umesikia jalala la Kiteezi lilivyoporomoka Agosti 2024 likafukia watu na nyumba zao. Mashati hayo yavae mpaka yachoke. Yavae siku za mvua, kwa sababu poliesta na jua la saa nane haviivi chungu kimoja, hapo mwenzako nampa haki yake.

Pamba ya Uganda nisiiseme sana, nitalia. Inalimwa kwa biashara tangu 1903, na mimi nashona hapa Jinja, mji uliokuwa ukijivunia vitambaa vya kiwanda cha Nytil. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje kabla haijawa kitambaa. Ukizunguka madukani ukiitafuta utamaliza pesa kwenye nauli.

Turudi kwenye gunia. Limwage kitandani, utenge mashati ambayo kola imelika. Hayo wengi huyafanya matambara ya kudekia, na mimi huwa nasikitika, kwa sababu kola ina nyuso mbili na wewe umetumia mmoja tu. Tazama: kola imebanwa ndani ya ule ukanda mwembamba unaozunguka shingo. Fundi anachukua wembe, anakata uzi wa mshono huo mmoja, taratibu, nyuzi tatu tatu, kola inatoka nzima kama ulimi. Palipolika anapaimarisha kwa kipande chembamba cha kitambaa, anapitisha cherehani kwenda na kurudi, halafu anaigeuza: uso wa chini unakuwa juu, palipolika panajificha shingoni. Anairudisha kwenye matundu yale yale ya sindano. Mimi hutumia dakika 40 na kutoza shilingi 5,000. Kabla hujapeleka, kunja kola uangalie chini yake. Ikiwa ni ya rangi nyingine, basi ukigeuza utakuwa na shati la rangi mbili. Wapo wanaopenda.

Ukishajua gunia lina nini ndipo uende Owino, na uende asubuhi, robota zinapofunguliwa. Usitazame jina la kampuni kwenye lebo, geuza nguo ndani nje. Kwenye suruali shika mshono wa nyuma, ule unaopanda kutoka katikati ya miguu hadi kiunoni. Ukikuta kitambaa cha ziada upana wa vidole viwili, hiyo ni suruali utakayoipanua ukinenepa, na mshahara wa kwanza huwa unanenepesha. Ukikuta imekatwa ukingoni na kufungwa kwa ovaloki peke yake, hakuna cha kufungua. Shati liinue juani: ukiona wepesi kwenye viwiko, lirudishe.

Kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja pindoni uuwashe. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inajikunyata na kuacha shanga nyeusi ngumu. Ila jaribio hilo lifanyie nyumbani kwenye nguo zako, ili mkono ujifunze. Usiwashe kiberiti ndani ya Owino, soko lile limekwisha kuungua mara za kutosha.

Koti la mitumba lina mtego wake, na mimi mwenyewe, pamoja na ufundi wangu, nilinaswa. Nililipa 40,000 kwa koti jeusi la kupendeza, nikalifua kwa maji, kifua chote kikafura mapovu kama chapati kwenye kikaango. Ndani lilikuwa limegundishwa kwa gundi badala ya kushonwa. Siku hizi nabana kitambaa cha kifuani kwa vidole, uso na bitana, navivuta mbali. Nikihisi tabaka la tatu linaelea katikati, limeshonwa. Nisipolihisi, nampa muuzaji koti lake na salamu.

Pesa zako ningezigawa hivi, kwa bei ninazozijua mimi. Kola tatu zigeuzwe, 15,000. Suruali mbili za Owino, 30,000, na 10,000 za kukata urefu na kubana kiuno. Mashati mawili ya pamba, 20,000. Viatu ulivyonavyo vipeleke vikatiwe soli mpya, 20,000. Hapo umetumia 95,000. Usinunue tena. Zilizobaki ni za suti.

Maana umeitaja mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja deni dogo. Nadhani ndiyo iliyokufanya uniandikie. Rais Museveni alisema kule Mbale, Agosti 2023, kwamba mitumba ni nguo za wazungu waliokufa, akataka zipigwe marufuku. Biashara inaendelea, na kila siku watu wanavaa nguo za watu wasiowajua, wazima au wafu, wala hawashtuki. Wewe una nguo ya mfu unayemjua jina, aliyechagua kitambaa mwenyewe akasimama mbele ya fundi apimwe, na unaiogopa.

Ivae mbele ya kioo. Anza na mabega. Mshono wa bega ukiishia pale mfupa unapoishia, koti ni lako. Ukizidi kwa kidole kimoja, bado tunaongea. Ukizidi vidole vitatu, koti litundike na tuitumie suruali, kwa sababu kurekebisha mabega ni kulivunja koti zima, na fundi anayekuambia ni kazi ya jioni moja mkimbie. Mikono kufupishwa na kiuno kubanwa ni kazi ya kawaida. Mafundi wa zamani waliacha kitambaa kingi ndani ya mshono, wakijua nguo itabadilisha mwenyewe. Usiifue kwa maji. Ipige brashi, itundike upenuni kivulini siku mbili, halafu mpelekee fundi mtu mzima, umwambie ni ya baba. Atapunguza mwendo.

SWALI
Fundi, nina kwanjula tatu, zile sherehe za kutambulisha wachumba, kabla ya Desemba, na kila familia inataka gomesi, lile gauni refu la mshipi, ya rangi yake. Nishone tatu?
Mama wa Bugembe

JIBU
La, dada yangu. Gomesi haikatwi kwa kufuata mwili, mshipi ndio unaoishika, kwa hiyo wewe na shoga yako mnene mnaweza kuvaa moja. Azima ya kwanza, kodi ya pili. Ukishona ya tatu, chagua rangi utakayoivaa hata mazishini, na mwambie fundi asipunguze pindo la chini. Kikoyi cha ndani kile kile kinatosha kwa zote tatu, hakuna atakayechungulia.