Jibu: Je, ni lazima kukariri nomino zote za makundi za Kiingereza?
Ndugu, umeuliza kama ukariri orodha nzima, yaani maneno ya kutaja kundi la wanyama, watu au vitu, hadi "murder", kundi la kunguru. Achana nayo kwanza. Mengi ya maneno hayo ni madoido ya wawindaji wa Uingereza ya kale. "Murder" na "pride" yamo katika kitabu kilichochapwa katika mji wa St Albans, Uingereza, mwaka 1486. "Pride" ya simba bado iko hai, ile ya kunguru ni ya chemshabongo zaidi. Shika yanayotumika: "herd" kwa ng'ombe na tembo, "flock" kwa kondoo na ndege, "swarm" kwa nyuki, "bunch" kwa funguo na ndizi.

Wengi huangushwa na kitenzi kinachofuata nomino hizi: kiwe cha umoja au cha wingi. Mwingereza anaweza kusema "the team are winning". Mmarekani kwa kawaida "the team is winning". Chagua moja, usichanganye ndani ya insha.