Kichekesho cha juha kinaharibikia wapi

Vichekesho vingi vya wajinga hufa kwenye sentensi ya kwanza, pale msimuliaji anapoanza, "Kulikuwa na mjinga mmoja..." Siri imeshatoka. Sema "jamaa mmoja", basi. Ujinga wake wasikilizaji wataugundua wenyewe.

Chukua kile cha dawa. Jamaa kapewa dawa ya maji ya kikohozi, chupa imeandikwa "Tikisa kabla ya kutumia." Mkewe anamkuta uani anarukaruka, jasho linamtoka. "Baba Asha, kulikoni?" "Nimeshakunywa, nikasahau kutikisa!"

Maandishi ya chupa lazima yatajwe mapema, tena kwa kupitia tu. Ukiyasahau utalazimika kuyaeleza baada ya jibu, na hapo hacheki mtu. Jina la hospitali, bei ya dawa, kikohozi kilianza lini: vyote hivyo toa. "Kutikisa" liwe neno la mwisho kabisa. Ukisema, "Nilisahau kutikisa dawa kabla sijainywa, ndiyo maana naruka," umekiua. Jibu lenyewe litoe ukiwa umekaza uso, maana jamaa hafanyi mzaha. Kwake hesabu imenyooka: dawa ilitakiwa kutikiswa, dawa iko tumboni, basi litikiswe tumbo. Juha asiye na hesabu yake mwenyewe hachekeshi, anatia huruma tu.

Abunuwasi ni habari nyingine, ingawa wengi humsimulia kama juha. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani: "Imezaa." Anaazima tena, safari hii hairudi: "Imekufa." Mjinga hapo ni jirani. Kwa hiyo usiharakishe pale anapopokea kisufuria. Mwache afurahi, amshukuru Mungu, hata aulize kama uzazi ulikuwa salama. Ukiparuka hapo, kinachobaki ni kisa cha mwizi wa vyombo.

Kuhusu makabila, utani una wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi wataitana wajinga hata msibani, kwa kuwa ni watani. Asiye mtani akiyarudia maneno yale yale, katukana. Kwenye kundi la WhatsApp huwezi kujua nani ni mtani wa nani, kwa hiyo futa kabila, rudisha "jamaa". Na zile emoji za kucheka usizitangulize. Msomaji akiziona juu anaanza kuvizia jibu, na mara nyingi hulipata kabla yako.

Wasipocheka, hamia mazungumzo mengine. Kurudia jibu kwa sauti kubwa zaidi hakujawahi kumsaidia mtu.