Kabla hujajaza afya ya jamii kwenye maombi ya chuo

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu hunipigia simu na swali lilelile: "Dada, udaktari nimekosa, nijaze afya ya jamii?" Nimeisoma hapa Dodoma na ninaipenda, ndiyo maana jibu langu huanza na tahadhari. Usiijaze ukidhani ni njia ya uchochoroni ya kufika wodini. Mwenye shahada hii haandikii mtu dawa. Kazi yake ni kujua kwa nini ugonjwa umezuka kijiji hiki na si kile, na kuuzuia usirudi.

Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua: macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika, na wengine wakafa. Hospitali zilihudumia walioletwa, lakini chanzo kilikuwa kwenye akiba ya chakula nyumbani. Wachunguzi waliwalinganisha waliougua na wasiougua, wakauliza walikula nini na mahindi yanahifadhiwaje, kisha wakapima nafaka yenyewe. Ilikuwa sumukuvu, inayotokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, na kuipika hakuimalizi. Kama umesoma hapa ukatamani kujua ulinganisho ule ulifanywaje, kozi hii itakufaa.

Ulinganisho huo ni takwimu, na hapo ndipo wengi huchoka. Tunatoka PCB na CBG, michepuo ya sayansi ya kidato cha sita, hisabati tumeishia BAM, ile ya msingi, tunafika chuo tunaikuta inatusubiri. Usiikwepe. Epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyotokea na kuenea kwa watu, na takwimu za afya ndizo mgongo wa shahada hii. Anza kujifunza R tangu mwaka wa kwanza, ni programu ya bure ya takwimu. Ukienda field, yaani mafunzo kwa vitendo, muombe mtu wa takwimu wa kituo cha afya akueleze DHIS2, mfumo ambao taarifa za vituo vyetu hupitia kwenda wizarani. Uone namna mstari wa rejista unavyogeuka kuwa namba ya mkoa, na mahali namba hiyo inapoweza kupotoka.

Field yenyewe ndiyo shule. Dodoso letu liliuliza kama kaya ina choo. Mama mmoja wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, hapa Dodoma, alijibu ndiyo, na kweli alikuwa nacho. Tulipoomba kukiona, tulikuta magunia ya alizeti yamepangwa ndani hadi mlangoni, na njia ya kwendea imeota nyasi. Kwenye karatasi, hiyo ni kaya yenye choo. Kwa hiyo omba kuona, kila unapoweza, kwa adabu.

Kongwa ni wilaya ambayo trakoma, yaani vikope, imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Vimelea husambaa kwa vidole, vitambaa, na inzi wanaotua kwenye uso wa mtoto mwenye tongotongo. Darasani sote tulijua jibu: mtoto anawishwe uso. Lakini mama aliyefuata maji mbali, mwezi wa kumi, anayapigia hesabu ya ugali, ya mlenda, ya kunywa na ya ndama. Hotuba haimsaidii. Tulichukua kikombe kimoja, tukanawisha watoto wake wote mbele yake, maji yakabaki. Akatuuliza kama wanaweza kufutwa kwa kitambaa kimoja. Hapana, kila mtoto na chake. Swali hilo halikuwemo kwenye dodoso letu, na lilistahili kuwemo.

Kuhusu ajira, fungua matangazo ya nyuma ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usome jina la shahada inayotakiwa, neno kwa neno. Afya ya jamii na afya ya mazingira zinakaribiana darasani, lakini maofisa afya mazingira wana baraza lao la usajili, na jina lililo kwenye cheti chako linaweza kukufungulia mlango au kukufungia. Kiulize chuo, kwa maandishi, mhitimu wake husajiliwa wapi na huomba cheo gani. Miradi nayo huajiri, ila mingi ni kwa mkataba, na mkataba una mwisho.

Ukija kusoma huku, jifunze Kigogo, lugha ya wenyeji, zaidi ya salamu ya "mbukwa". Wazee wengi vijijini hujieleza vizuri zaidi kwa lugha yao, na mkalimani akishachoka, maelezo ya dakika tano anakutafsiria kwa "amekubali".