Testi ya barabarani Dodoma: gari inakuzimikia kwenye kilima

Mkuu, kwa ulivyoeleza kwamba unaendesha vizuri tu ila gari inakuzimikia kwenye kilima na unaogopa trafiki atakufelisha, hapo shida ni klachi tu, inazoeleka. Tafuta kimlima chochote mtaani kisicho na magari mengi, vuta handibreki, ingiza gia namba moja, halafu achia klachi taratiiibu mpaka usikie muungurumo umebadilika na pua ya gari inataka kunyanyuka, hapo ongeza mafuta kidogo ndo ushushe handibreki. Rudia mpaka mguu wenyewe uzoee. Na hata ikizima siku ya testi usipaniki, kanyaga breki, rudisha gia nyutro, washa upya, angalia saitimira uondoke, maana wengi wanaharibu pale wanapokurupuka gari inarudi nyuma.

Halafu kipilefti, aliye kulia kwako ndani ya mzunguko ndo anapita kwanza, usiingie kwa kubahatisha, na bodaboda wa hapa mjini unawajua wenyewe, watakupenyea kushoto ukiwa umeshawasha endiketa, so geuza shingo kabisa uangalie. Mkanda funga kabla ya kuwasha gari. Zebra kuna mtu simama. Mjini spidi mwisho kilomita 50 kwa saa, ila usitambae kama kobe pia, inaonesha unaogopa.

Alama za barabarani soma, wanauliza. Rivasi na kupaki fanya na gari ile ile utakayofanyia testi kama mwalimu wako ataruhusu, na lena yako (leseni ya kujifunzia) usiisahau nyumbani.