Karani akianza kukuficha mambo

Kazi yangu ni kulinda kompyuta na data za ofisi. Kila mwaka napokea vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, na swali lao la kwanza huwa ni lilelile: wajifunze programu gani ya udukuzi? Nami huwauliza: umewahi kumfundisha mtu mzima asichokijua bila ya kumwaibisha?

Nina sababu. Mwaka wangu wa pili kazini niligundua kwamba mama mmoja wa masjala amempa msaidizi wake neno lake la siri. Nikamtaja kikaoni, wenzake wote wakisikia. Miezi iliyofuata hakuna aliyeniletea tena barua pepe ya kutia shaka. Kompyuta moja ikaingia virusi, mwenyewe akaizima na kunyamaza siku 4. Tulikuja kujua wakati faili za idara nzima zimeshafungwa na wahalifu.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama, nikaketi naye dirishani asubuhi nzima. Foleni ilifika ngazini. Msaidizi wake alikuwa na wiki ya 3 kazini na akaunti hana, kwa kuwa fomu yake imelala mezani kwetu. Yule mama angefanyaje, awarudishe watu waliotoka Kwale alfajiri? Tulipoanza kufungua akaunti siku ileile mtu anaporipoti kazini, tabia ya kuazimana maneno ya siri ilipungua kuliko ilivyowahi kupungua kwa semina zetu zote.

Mitandao, mfumo wa kompyuta wa Linux, kusoma logi (rekodi za yanayotendeka kwenye kompyuta): hayo jifunzeni, hayana mjadala. Bakapu, yaani nakala za akiba, nazo zijaribuni kuzirudisha, msiridhike kuona zimeandikwa tu. Isomeni pia Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019. Data za watu zikivuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ofisi ijue. Na ofisi itajuaje, ikiwa karani anaogopa kusema?

Kufundisha nakupenda, na naona ndiyo nusu ya kazi hii. Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa na huduma zikakwama, makarani waliniuliza kama data zimeibwa. Nikawaambia: fikirini feri ya Likoni, Mombasa. Mtu akituma maelfu ya watu wasio na safari wajazane kwenye njia ya kuingilia, abiria wa kweli hapati pa kupita, na feri yenyewe haijaguswa. Mashambulizi ya namna ile huziba mlango. Wizi wa data ni jambo jingine. Mzee mmoja mlinzi baadaye aliwaeleza wenzake vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Juzi yule mama wa masjala alinipigia simu kabla sijavuka feri. Amebonyeza kiungo cha kutia shaka, na roho haijatulia. Nikamwambia achomoe waya wa mtandao, kompyuta asiizime.

"Nshauchomoa, mwanangu," akasema. "Nakungoja wewe."