Ukitaka Kuwajua Waazteki, Pitia Mlango wa Jikoni

Mtajie mtu Waazteki, wale waliotawala Mexico ya kati kabla ya Wahispania, na papo hapo atakuletea habari za kisu cha jiwe na moyo uliochomolewa kifuani. Mazungumzo huishia hapo. Watu wanatikisa vichwa, kila mmoja anashika njia yake, na hakuna aliyejifunza kitu. Mimi hukaa na vijana wa sekondari jioni tukisoma historia ya dunia, na kwa yeyote anayetaka kusoma au kufundisha habari za watu hawa nina ushauri mmoja tu: kisu kiache kwanza. Anzia jikoni.

Kuna kurasa ambazo hazijawahi kuniangusha. Ziko katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha picha kilichochorwa na wachoraji wenyeji wa Mexico kwenye miaka ya 1540 hivi, muda mfupi baada ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kuangukia mikononi mwa Wahispania na washirika wao mwaka 1521. Chenyewe kimehifadhiwa Oxford, Uingereza, lakini picha zake zimejaa mtandaoni. Kurasa hizo ni za malezi. Kila mtoto amewekewa vidoti vya kuhesabia umri wake, na pembeni posho yake ya tortila, ile chapati ya mahindi: wa miaka 3 anapata nusu, wa 4 anapata moja, wa 6 moja na nusu, na akifika 13 anapewa mbili. Binti wa miaka 13 anasaga mahindi juu ya jiwe. Wa 14 yuko kwenye kitanda cha mfumi, anafuma nguo. Mvulana wa umri huo yuko mtumbwini anavua samaki. Kisha kuna mtukutu wa miaka 11, ambaye baba yake amemshikilia juu ya moshi wa pilipili zinazoungua. Hapo wanafunzi wangu hupiga kelele, kisha kila mmoja anataka kusimulia ya kwao. (Jamani, adhabu hiyo siipendekezi.)

Angalia pia binti wa miaka 12 mwenye ufagio, anafagia usiku. Usimpite haraka. Kwa Waazteki kufagia kulikuwa ibada: wanawake walifagia nyumba zao kabla ya kupambazuka, na makuhani walifagia mahekalu. Dini yao ilianzia uani.

Kutoka hapo nenda sokoni Tlatelolco, soko kubwa kabisa la Bonde la Mexico. Vitu vidogo vililipiwa kwa mbegu za kakao, vikubwa kwa mashuka ya pamba. Kama kawaida, palipo na fedha pana matapeli: kulikuwa na watu waliojaza maganda ya kakao nta, au unga wa mchicha, au vipande vya kokwa la parachichi, wakayaziba vizuri na kuyachanganya na mazima. Mahakimu walikaa palepale sokoni kuamua kesi. Ukieleza soko, matabaka yanajieleza yenyewe: wakulima na mafundi wanaouza, wakusanya kodi wa mfalme, wafanyabiashara wa safari ndefu ambao waliingiza mali zao usiku ili wakubwa wasiwaonee kijicho, na watumwa, ambao watoto wao hata hivyo walizaliwa huru.

Sasa ndipo ufike kwenye kafara, na mlango mzuri wa kuifikia ni sherehe ya Moto Mpya. Waazteki walikuwa na kalenda mbili, moja ya siku 365 na nyingine ya siku 260, zilizokutana mahali pamoja kila baada ya miaka 52. Kukutana huko kulitisha. Mara ya mwisho kabla ya Wahispania ilikuwa 1507. Moto wote ulizimwa. Watu walifagia nyumba, wakatupa majini sanamu za miungu wa nyumbani, michi na mafiga. Ndiyo, mafiga matatu ya jikoni, kama ya bibi yako. Wajawazito walivikwa vinyago na kufungiwa ghalani, kwa hofu kwamba wangegeuka wanyama wakali. Watoto walifinywafinywa wasilale, wasije wakageuka panya. Juu ya kilima kimoja kusini mwa mji, makuhani walisubiri nyota zivuke katikati ya anga, kisha wakapekecha moto juu ya kifua cha mateka, ambaye baadaye moyo wake ulitiwa humo. Moto huo ukapelekwa hekaluni, kisha mitaani, mpaka kila nyumba.

Kijana aliyeanzia kwenye mafiga akifika kwa mateka yule, huuliza swali la maana: walikuwa wanaogopa nini? Aliyeanzia kwenye kisu huuliza ni wangapi.

Na hapo kwenye hesabu, jihadhari pande zote mbili. Ipo habari kwamba mwaka 1487, katika kuzindua Hekalu Kuu, waliuawa watu 80,400. Wanahistoria wengi hawaikubali hata kidogo. Lakini usije ukarukia upande wa pili useme yote ni uzushi wa Wahispania. Mwaka 2015 wanaakiolojia walifukua katikati ya Jiji la Mexico, lililojengwa juu ya Tenochtitlan, mabaki ya jengo la mafuvu ya watu, karibu na hekalu lenyewe. Kafara ilikuwepo. Waambie watoto hivyo, bila kuipamba wala kuificha.

Kwa kuendelea, mtafute Bernardino de Sahagún, padri Mfransisko aliyekusanya vitabu 12 pamoja na wazee na wasomi vijana wa Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Kazi yao, iliyohifadhiwa Florence, inasomeka bure mtandaoni. Miungu anaiita mashetani, kwa hiyo msome ukijua msemaji ni nani. Lakini safu ya Kinahuatl waliiandika wenyeji, na mara nyingi ina mengi kuliko ile ya Kihispania iliyo kando yake. Moto Mpya uko kitabu cha 7, wafanyabiashara kitabu cha 9, kakao bandia kitabu cha 10. Kama una jioni moja tu, chukua cha 10: kinapanga wauzaji wema na wabaya mmoja baada ya mwingine, na wanafunzi hawachoki kubishana nani wamemwona wapi.